Kanuni Mpya za Ujenzi: Mabomba Yakaguliwe Kabla ya Kufunikwa

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za Mwaka 2024, zilizochapishwa kupitia Tangazo la Kisheria Nambari 47 la mwaka huo, zilianza kutumika nchini Kenya tarehe 1 Machi 2025. Zimechukua nafasi ya sheria ndogo za mwaka 1968, zilizotumika kwa zaidi ya nusu karne. Kanuni hizo zinahusu uimara wa majengo, kinga dhidi ya moto na mifumo ya maji safi na majitaka.

Umuhimu wake unaeleweka kwa kukumbuka tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa na kuua makumi ya watu. Kuporomoka kwa jengo huonekana na wote. Kasoro ya bomba lililofichwa ukutani, kwa upande wake, huharibu kimyakimya: maji yanayovuja hupenya kwenye zege, vyuma vilivyomo hushika kutu, na majitaka huweza kuchafua maji ya kunywa.

Kabla ya kuanza ujenzi

Mwenye ploti anatakiwa kutumia msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa na bodi za taaluma zao. Ramani huwasilishwa kwa serikali ya kaunti ili zipate idhini, kisha mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Wakandarasi husajiliwa na mamlaka hiyo katika madaraja manane, kuanzia NCA 1 hadi NCA 8, na kila daraja isipokuwa NCA 1 lina kikomo cha thamani ya kazi. Ni vyema mwananchi athibitishe usajili wa mkandarasi kabla ya kutia saini mkataba.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, anayeanza ujenzi bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Matangi na mabomba

Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Tangi la lita 10,000 juu ya paa ni mzigo wa tani kumi, mbali na uzito wa tangi lenyewe. Mzigo huo hauna budi kuingizwa katika hesabu za mhandisi tangu mwanzo. Kuongeza tangi baadaye bila kumhusisha ni kuhatarisha jengo zima.

Katika miji yenye mgao wa maji, shinikizo la bomba kuu hushuka maji yanapokatwa. Mdomo wa bomba la kujazia ukiwa umezama ndani ya tangi au ndoo, maji machafu yanaweza kufyonzwa kurudi kwenye bomba linalohudumia majirani. Kwa hiyo mdomo huo unapaswa kubaki juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji.

Kwa upande wa majitaka, kila sinki na choo huhitaji kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia harufu na wadudu kupanda. Bomba la hewa linaloishia juu ya paa huzuia maji hayo yasivutwe, na mteremko unaofaa huhakikisha uchafu hausimami njiani.

Ukaguzi kwa kila hatua

Kazi ikaguliwe kabla ya kufunikwa: msingi kabla ya kumwaga zege, vyuma kabla ya kumwaga slabu, na mabomba kabla ya plasta na vigae. Mabomba ya maji safi hujazwa maji kwa shinikizo na kuachwa kwa muda ili kubaini uvujaji. Kasoro ikigunduliwa katika hatua hiyo, hurekebishwa kwa gharama ndogo. Baada ya vigae, ukuta hulazimika kubomolewa.

Jengo likikamilika, mwenye nyumba huomba cheti cha ukaaji kutoka kwa serikali ya kaunti kabla ya mtu yeyote kuhamia. Wananchi wanashauriwa kuhifadhi ramani zilizoidhinishwa, kumbukumbu za ukaguzi na michoro ya mabomba jinsi yalivyowekwa. Wanunuzi nao wanahimizwa kudai nyaraka hizo kabla ya kulipa, na wapangaji waulizie cheti cha ukaaji kabla ya kuhamia.