Mcheza Kwao na Mchezaji wa Kuazima: Msimu wa Watford, 2012–2013

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii imetoka ngomani, walakini viwanja vya kandanda vimeirithi, na huko imekutana na methali nyingine zisizokubaliana nayo. Ipo inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ipo inayoonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Klabu ya daraja la chini yenye njaa ya kupanda juu huzisikia zote tatu kwa pamoja. Imchezeshe kijana iliyemlea tangu utotoni? Imkaribishe mgeni aje kuiokoa? Au ichelee siku ambayo mwenye nguo atakuja kuivua nguo yake mbele ya watu?

Magazeti ya Kiswahili humwita mgeni huyo mchezaji wa mkopo. Lugha, ikipimwa kwa mizani yake ya zamani, ingemwita mchezaji wa kuazima. Aliyekopa kibaba cha unga hurudisha kibaba, si unga uleule. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lilelile, liwe limenolewa au limevunjika mpini. Mchezaji hurudi mwenyewe, kwa miguu yake. Klabu iliyomwazima humfundisha, humpa mechi na kumpandisha thamani, kisha humkabidhi kwa mwenyewe. Faida ya kudumu huenda kwa aliyeazimisha. Aliyeazima hubaki na pointi za msimu mmoja na kumbukumbu. Kwa upande wa kijana, hata hivyo, kuazimwa kwaweza kuwa shule. Mwaka 1995 Manchester United waliwaazimisha Preston North End, waliokuwa daraja la nne la Uingereza, kijana aitwaye David Beckham. Alicheza mechi tano, akafunga mabao mawili, akarudi kwao akiwa amekomaa.

Kisa kilichoziweka methali hizo tatu katika uwanja mmoja ni cha Watford, klabu ya mji ulioko kaskazini-magharibi ya London, katika msimu wa 2012–13.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1881, na tangu 1922 uwanja wake ni Vicarage Road. Jina lake lilikua zaidi katika zama za kocha Graham Taylor, aliyeingia mwaka 1977 wakati timu ikiwa daraja la nne, mwenyekiti akiwa mwanamuziki Elton John. Baada ya miaka mitano tu timu ilikuwa daraja la kwanza, na mwaka 1983 ikamaliza ya pili nyuma ya Liverpool. Mfungaji bora wa ligi nzima msimu huo alikuwa Luther Blissett, mzaliwa wa Jamaica aliyepitia timu ya vijana ya Watford. Pembeni yake alicheza John Barnes, mzaliwa wa Jamaica pia, aliyechukuliwa mwaka 1981 akiwa na miaka 17 kutoka timu ndogo ya mtaani. Mwaka 1984 Watford ikafika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Everton mabao 2–0.

Kutokana na miaka hiyo mji ulijijengea imani kwamba klabu ni nyumba na wachezaji ni watoto wake. Ikumbukwe kwamba imani hiyo haikuwa ya damu wala ya mahali pa kuzaliwa. Blissett na Barnes walivuka bahari kabla ya kuwa wana wa Watford. Kilichowafanya wana ni malezi na makazi.

Baada ya miaka hiyo malezi yaliendelea, ila makazi yakawa mafupi. Ashley Young, aliyekulia katika klabu, aliuzwa kwa Aston Villa Januari 2007. Marvin Sordell aliuzwa kwa Bolton Januari 2012, na Adrian Mariappa kwa Reading Julai mwaka huohuo. Hali hii ni ya kawaida kwa klabu isiyo na hazina: kijana akiiva, huuzwa ili wenzake walipwe mishahara. Waliobaki walikuwa wachache, na miongoni mwao alikuwamo beki Lloyd Doyley. Aliingia kikosi cha kwanza mwaka 2001, akangoja hadi Desemba 2009 ndipo akafunga bao lake la kwanza, dhidi ya Queens Park Rangers. Uwanja ulishangilia kana kwamba kombe limetwaliwa. Hiyo ndiyo tuzo ya mcheza kwao: bao moja la mtu aliyekaa miaka minane likathaminiwa kuliko mabao mengi ya mpita njia.

Katika kiangazi cha 2012 klabu ilinunuliwa na familia ya Pozzo kutoka Italia. Familia hiyo ilikuwa na Udinese tangu 1986, na tangu 2009 ilikuwa imeishika Granada ya Hispania. Kocha Sean Dyche, aliyekuwa ameifikisha timu nafasi ya 11, aliondolewa; mahali pake akawekwa Gianfranco Zola. Kisha wakaja wachezaji, zaidi ya kumi, wengi kutoka Udinese na wengine kutoka Granada: Matej Vydra, Almen Abdi, Joel Ekstrand, Cristian Battocchio, Daniel Pudil, Ikechi Anya, Fernando Forestieri na wengineo. Wote waliingia kama watu wa kuazimwa.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya mwanya katika kanuni. Ligi iliwawekea klabu ukomo wa wachezaji watano wa kuazimwa katika kikosi cha siku ya mechi, lakini ukomo huo uliwahusu walioazimwa kutoka klabu za Uingereza. Aliyetoka nchi nyingine alihesabiwa kama aliyehamishwa. Kwa hiyo Watford haikuvunja sheria yoyote. Hata hivyo klabu nyingine zilinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa na msingi. Maana ya kuazima ni kwamba wapo wawili, mwenye kitu na mwenye haja, na kila mmoja huangalia maslahi yake. Hapa mwenye kitu na mwenye haja walikuwa nyumba moja. Jembe lilitoka mkono wa kulia kwenda mkono wa kushoto, na likaitwa la kuazima.

Mashabiki wa Watford wenyewe waligawanyika. Wapo waliouliza nini maana ya kulea vijana ikiwa nafasi zimejazwa kutoka Udine. Wapo waliojibu kwamba klabu iliyoyumba kifedha kwa miaka haina fahari ya kukataa mkono wa msaada. Uwanjani jibu lilikuwa tamu. Timu ilifunga mabao 85 katika ligi, mengi kuliko timu yoyote ya daraja hilo. Vydra alifunga 20, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa daraja. Wala wana wa nyumbani hawakufukuzwa wote: Doyley aliendelea kucheza, na beki kijana Tommie Hoban, aliyelelewa na klabu, alipata nafasi yake chini ya Zola. Mgeni alikuwa amekuja, na mwenyeji alionekana kupona.

Mei 2013 ndiyo iliyozipima methali. Tarehe 4, siku ya mwisho ya ligi, Watford iliikaribisha Leeds United ikijua kwamba ikipata matokeo mema kuliko Hull City itapanda moja kwa moja. Mlinda mlango Manuel Almunia aliumia wakati wa kupasha misuli. Akaingia Jonathan Bond, kijana wa klabu. Naye akagongana na Anya, akatolewa kwa machela. Hapo timu iliyoundwa kwa wageni ikamtazama kijana wa miaka 19, Jack Bonham, aliyetoka katika chuo chake yenyewe na ambaye hakuwahi kucheza hata dakika moja katika kikosi cha kwanza. Kule Hull mechi ilimalizika sare 2–2 na Cardiff City, wakati ile ya Vicarage Road ilikuwa ingali inachezwa kwa ajili ya muda uliopotea. Matokeo yalikuwa 1–1, na bao moja la Watford lingetosha. Lililoingia lilikuwa la Ross McCormack wa Leeds, mpira wa juu uliompita Bonham. Hull wakapanda kwa pointi 79; Watford wakabaki na 77.

Ni rahisi kumlaumu kijana, na ni dhuluma. Mwana asiyepewa nafasi ya kukosea katika mechi ndogo hukosea katika mechi kubwa. Klabu inayowajaza wageni katika kila nafasi haiwaondoi wana wake katika hatima yake; huwaahirisha tu, mpaka siku ambayo hakuna mwingine wa kuitwa.

Siku nane baadaye, tarehe 12, ikaja nusu fainali ya mchujo dhidi ya Leicester City. Katika dakika za nyongeza Leicester walipata penalti ambayo ingewapeleka fainali. Almunia aliuokoa mkwaju wa Anthony Knockaert, akaokoa na mpira wa pili uliorudi. Watford wakapaa upande wa pili. Forestieri akatia krosi, Jonathan Hogg akautuliza kwa kichwa, na Troy Deeney akaupiga wavuni. Katika watatu hao hakuna aliyelelewa na Watford, na wakati huo hakuna kati yao aliyekuwa wa kuazimwa, kwani Forestieri alikuwa ameshasajiliwa moja kwa moja Januari. Walioingia uwanjani kwa furaha hawakuuliza cheti cha mtu.

Fainali ilichezwa Wembley tarehe 27 Mei, dhidi ya Crystal Palace. Na hapo historia ikaonyesha jambo ambalo mshairi angeogopa kulitunga. Nyota wa Palace alikuwa Wilfried Zaha, mzaliwa wa Abidjan, aliyefika London akiwa mtoto na kulelewa na Palace yenyewe. Hakuna aliyekuwa mcheza kwao kuliko yeye. Walakini Januari ile Palace walikuwa wamemuuza kwa Manchester United, na United wakamrudisha Palace kwa muda uliobaki wa msimu. Kwa hiyo mwana wa nyumbani alicheza fainali ya nyumbani kwao akiwa mchezaji wa kuazima. Katika muda wa nyongeza alimkabili Marco Cassetti, akaangushwa ndani ya eneo la hatari. Penalti ikapigwa na Kevin Phillips, mwenye miaka 39, mtu ambaye mwaka 1994 Watford ndio waliomtoa katika soka ya ridhaa na kumpa ngazi. Bao likawa hilo moja. Palace wakapanda.

Anayetaka kusema wageni walishindwa na wazawa hana ushahidi katika fainali ile, wala anayetaka kusema kinyume chake. Penalti iliyoishinda Watford ilipatikana kwa mwana aliyegeuzwa mgeni, na ikapigwa na mtu aliyelishwa zamani na nyumba aliyoifunga. Kilichobadilika katika maisha ya Zaha mwaka ule si asili yake bali hati yake, na hati ilipofika mwisho alikwenda Manchester. Baadaye alirudi Palace, kwanza kwa kuazimwa mwaka 2014, kisha kwa kununuliwa mwaka 2015, akakaa hadi 2023.

Kwa Watford nayo yaliyofuata yanafundisha. Katika kiangazi cha 2013 ligi iliuziba mwanya, ikawatia walioazimwa kutoka nje katika hesabu ileile ya watano. Watford ikatii msemo wa wahenga kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Abdi, Ekstrand, Battocchio, Pudil na Anya wakasajiliwa kuwa wa klabu. Mwaka 2015 timu ikapanda ligi kuu, na waliokaa miongoni mwa wageni wa jana walikuwa sehemu ya kikosi hicho. Vydra, aliyefunga kuliko wote, alikuwa na safari nyingine: alirudi kwa kuazimwa msimu wa 2014–15, akasajiliwa moja kwa moja mwaka 2015, na mara akaazimishwa kwa Reading. Kukaa kwake hakukukamilika, na ndiyo maana jina lake linatajwa Vicarage Road kwa sifa pamoja na majuto.

Sheria za kandanda zimekuwa zikijaribu kuliweka katika maandishi jambo ambalo mashabiki walikuwa wakilihisi. Tangu msimu wa 2006–07, UEFA huzitaka klabu ziwe na wachezaji waliolelewa nyumbani katika orodha zao, na humtambua mwana wa klabu kuwa ni yule aliyesajiliwa nayo kwa misimu mitatu kati ya umri wa miaka 15 na 21, bila kujali uraia wake. Kuanzia Julai 2022 FIFA nayo iliweka ukomo wa maazimano ya kimataifa: wachezaji wanane kuingia na wanane kutoka, idadi ikapunguzwa hadi sita kuanzia Julai 2024, na si zaidi ya watatu kwa kila upande baina ya klabu mbili zilezile. Vijana wa hadi miaka 21 waliolelewa na klabu inayowaazimisha hawahesabiwi, kwa kuwa kwao kuazimwa huchukuliwa bado kuwa shule. Chini ya kanuni hizo msafara wa Udinese wa mwaka 2012 usingewezekana.

Sheria yaweza kuhesabu misimu, lakini haiwezi kuamua nani atapendwa. Barnes alizaliwa Kingston, na Doyley alilelewa palepale. Wote wawili ni wa Watford, kwa sababu walikaa hata klabu ikawategemea nao wakaitegemea. Nguo ya kuazima huweza kumsitiri mtu siku ya sherehe, na si haki kuidharau kwa hilo. Ila mwenye kuivaa apaswa kuwa na kitambaa chake kinachofumwa nyumbani polepole, kwa uzi wake mwenyewe. Na akikimaliza, asiwe wa kwanza kukipeleka sokoni.