Marudio na ujirejeo

marudio (nm, ya-) ni kutenda jambo lile lile tena na tena mpaka sharti fulani litimie. ujirejeo (nm, u-) ni hali ya kitu kufafanuliwa kwa kujitaja chenyewe katika umbo dogo zaidi. Katika uandishi wa programu, wengi hutumia kitenzi *kurudia* kwa dhana zote mbili, na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea.

Tuchukue rundo la magunia ya dagaa katika Soko la Mwaloni, Kirumba. Karani anayeanza na 0 na kuongeza 1 kila gunia linapopita anafanya marudio: ana namba moja tu kichwani, nayo hubadilika. Anayejirejea husema hivi: idadi ya rundo tupu ni 0, idadi ya rundo lenye magunia ni 1 kujumlisha idadi ya yaliyobaki. Magunia matatu huwa 1 + (1 + (1 + 0)). Hapa hakuna namba iliyobadilishwa, bali yapo majumlisho yanayosubiri, na kila moja hukalia kumbukumbu ya kompyuta. Python, isipobadilishiwa mpangilio, hukatiza programu kina cha miito kinapofika takribani 1,000. Siku ya mzigo mkubwa, karani wa namna hii angekwama kabla ya kulimaliza rundo.

Lugha safi za kifunksheni, kama Haskell, hutegemea ujirejeo mahali pa kitanzi, kwa kuwa thamani ikishapewa jina haibadiliki. Hata hivyo, jumla yaweza kubebwa ndani ya mwito wenyewe: *hesabu(rundo, jumla)* huita *hesabu(rundo lililobaki, jumla + 1)*. Mwito huo ukiwa tendo la mwisho, hakuna kinachosubiri. Kanuni za Scheme, lugha iliyobuniwa na Sussman na Steele mwaka 1975, hudai kwamba mwito wa namna hiyo usilimbikize kumbukumbu. Kwa umbo ni ujirejeo. Kwa mwenendo ni marudio. Wanaoshikilia kwamba ujirejeo ni mzito daima hulisahau hili.

Kiswahili chenyewe kinazo dhana zote mbili. *Katakata* ni marudio. *Mlinzi wa mlango wa ghala la mfanyabiashara wa dagaa* ni ujirejeo: kirai ndani ya kirai, kila *-a* unganifu ikifuata ngeli ya nomino inayoitangulia.

Kitenzi kifaacho ni *kujirejea*. *Kujirudia* kiachiwe tukio linalotokea tena, kama vile mafuriko au kosa la hesabu.