Mipaka ya Mlima Meru na Mtoto Aliyekwisha Kuketi Darasani

Tangu Wajerumani walipojenga boma lao Arusha, ukingoni mwa karne ya kumi na tisa, ardhi inayouzunguka Mlima Meru imewekewa mipaka, ikaondolewa, ikawekwa upya, na kila utawala uliofanya hivyo ulikuwa na hoja zake: kodi, kahawa, ng'ombe, na baadaye kura. Mtu akizipitia hoja hizo moja baada ya nyingine atastaajabu kuona jinsi ilivyo nadra kumkuta humo mtoto ambaye siku mpaka ulipohamishwa alikuwa amekwisha kuketi darasani, ana daftari lake, ana mwalimu anayemjua kwa jina, na amebakiwa na miaka miwili au mitatu amalize masomo aliyoyaanza.

Asili ya mipaka hii ni adhabu. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa jumuiya ya Kilutheri ya Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa mlimani, na kisasi cha Wajerumani kikawaangukia Wameru na Waarusha kwa moto na kwa kunyang'anywa mifugo. Kisha ardhi nzuri ya chini ikaanza kugawiwa walowezi, miongoni mwao Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Wenyeji wakajikuta wamebanwa baina ya msitu uliopigwa marufuku juu na mashamba ya wageni chini, na njia yao ya kupanuka ikawa kaskazini-mashariki, kwenye tambarare za Ngare Nanyuki, penye malisho na maji. Misheni nayo ilikwisha kurudi, Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na kwa kuwa desturi ya Walutheri mlimani ilikuwa kutotenganisha ibada na kusoma, kila waumini walipohamia, darasa liliwafuata. Hata likiwa ni kibanda cha udongo, lilikuwa ni shule.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimtuma Mark Wilson achunguze mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi, naye katika taarifa yake ya mwaka 1947 akapendekeza kwamba ukanda ulio baina ya Meru na Kilimanjaro ufanywe eneo moja la Wazungu lisilochanganyika, la ng'ombe wa maziwa na wa nyama, na kwamba Wameru wa Ngare Nanyuki waondoke wapewe ardhi ya Kingori, chini, kwenye joto na uhaba wa maji. Wameru walikataa. Mashamba waliyotakiwa kuyaacha, Na. 31 na Na. 328, waliyaona kuwa ni milki yao kwa urithi na kwa fedha walizokwisha kulipa, na hawakuelewa, wala hakuna mtu mwadilifu angeelewa, jinsi mtu anavyoweza kuhamishwa nyumbani kwake kwa ajili ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari waliingia. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zao zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa, na mingi ikafa. Habari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya ardhi, nayo ni kweli. Lakini naomba msomaji aitazame pia kalenda. Mwaka wa masomo wa Tanganyika ulianza Januari na kwisha Disemba. Mtoto wa darasa la nne, ambaye katika utaratibu wa siku zile alikuwa mbele ya mlango mwembamba wa kuchaguliwa kuingia shule ya kati, kwa kuwa waliopita hapo walikuwa wachache mno, aliondolewa zikiwa zimebaki wiki chache tu mwaka huo ukamilike. Serikali iliyongoja tangu taarifa ya mwaka 1947 haikuona taabu kungoja miaka minne. Ilichoshindwa kungoja ni wiki nne au tano. Na kwa kuwa wengi walikataa kwenda Kingori, wakapendelea kujisetiri kwa jamaa zao mlimani, watoto wao walitawanyika kufuata ukoo na si kufuata shule, huyu kwa mjomba, yule kwa shangazi, kila mmoja mahali alipopatiwa nafasi ya kulala.

Wameru walichanga fedha wakampeleka mwenzao Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Maneno yake yalisikilizwa kwa heshima. Azimio la kuwarudishia ardhi, hata hivyo, halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Mpango wenyewe wa walowezi haukustawi, na ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru; lakini ardhi inaweza kurudi baada ya miaka kumi ikawa ni ile ile, ilhali mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekatishwa masomo harudi akiwa na miaka kumi na miwili.

Nchi hii hii, kwa upande mwingine, imepata kubadili mipaka mikubwa kuliko ile ya Wilson bila ya kumnyanyua mtoto kitini. Mjini Arusha, katika zama za ukoloni, mpaka wa shule ulikuwa ni rangi ya ngozi: Arusha School, iliyofunguliwa mwaka 1934, ilikuwa ya watoto wa Kizungu, Wahindi walikuwa na zao, na Waafrika zao. Ubaguzi huo ulipofutwa kisheria mwanzoni mwa mwaka 1962, sheria ilifungua mlango kwa wa nje, wala haikumtoa aliyekuwamo. Kadhalika serikali ilipozitwaa shule za misheni, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule kama Ilboru ilibadili mmiliki, na mwanafunzi akaendelea na kitabu pale alipokuwa amekifungua. Mambo haya mawili yalihitaji ujasiri mkubwa wa siasa kuliko kuhamisha jiwe la mpaka, nayo yaliwezekana.

Siku hizi wanaopendekeza mipaka ni madiwani na maofisa, na nia yao kwa kawaida ni njema. Wilaya ya Arumeru imegawanywa kuwa na halmashauri mbili. Arusha ilizinduliwa rasmi kuwa jiji mwaka 2012. Kata zimekuwa zikikatwa kila idadi ya watu inapozidi. Shule za sekondari za kata, zilizoenea baada ya mpango wa mwaka 2004 wa kuendeleza elimu ya sekondari, zilijengwa kwa michango na kwa nguvu za wazazi waliobeba mawe na mchanga kwa mabega yao. Kata ikigawanywa, mzazi aliyechangia hulala upande huu wa mto na shule aliyoijenga hubaki upande wa pili. Na hapa kwetu mpaka hupenda kufuata mito, kwa kuwa Themi, Nduruma na Usa hushuka kutoka mlimani ikiipasua nchi. Kwenye ramani mto ni alama nzuri, lakini kwa mtoto anayekwenda shule asubuhi ya masika mto ni daraja, na daraja hupatikana mahali pamoja tu.

Kwa hiyo mimi nashika rai hii: mpaka mpya uwahusu wanaoingia, si waliomo. Anayeandikishwa darasa la kwanza au kidato cha kwanza Januari ijayo afuate kata yake mpya. Aliyekwisha kuanza aachwe amalize, bila ya kudaiwa barua ya uhamisho. Na mdogo wake aruhusiwe kumfuata maadamu kaka au dada yake yumo, kwani ndiye anayemshika mkono kuvuka. Watakaosema kwamba darasa litajaa wana hoja ya haki, lakini ujazo huo una mwisho: waliokuwamo siku ya mpaka wakikwisha kumaliza, na wadogo waliowafuata wakimaliza nao, mwanafunzi wa mwisho wa mpaka wa zamani atakuwa amekwisha kutoka, na mpaka utakuwa umetimia. Masharti haya yaandikwe katika tangazo lile lile linalogawa kata, yawe na tarehe, yabandikwe ukutani mwa ofisi ya kata na mlangoni mwa shule kabla ya mwaka wa masomo kufunguliwa.