Panga la Shamba na Kengele za Kanisa: Silaha za Wafilipino

Katika nyumba ya mkulima wa Ufilipino, kama katika nyumba zetu, panga halikosekani. Wao huliita bolo. Bapa lake hupanuka kuelekea ncha, ili uzito ushuke mbele. Hupasua nazi, hukata miwa, hufyeka vichaka. Visiwa vile ni vya Wakatoliki wengi sana. Basi tusomapo historia yao, yatupasa kutazama pia siku zile ambazo chombo cha shamba kiligeuka silaha karibu na mlango wa kanisa.

Magellan, Mreno aliyemtumikia mfalme wa Hispania, alifika Cebu mwezi wa Aprili 1521. Raja Humabon akabatizwa pamoja na watu wengi, na mke wake akapewa sanamu ya Mtoto Yezu. Walakini Magellan hakuridhika. Katika kisiwa cha Mactan, ng'ambo ya pili, alikuwako mkubwa mmoja, Lapulapu, aliyekataa kumtii mfalme yule wa mbali. Tarehe 27 Aprili Magellan akamwendea kwa vita. Humabon alikuja na watu wake kumsaidia, lakini akaambiwa akae mtumbwini atazame tu jinsi Wakristu wanavyopigana. Neno hilo, tukubali, si neno la mtume.

Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyekuwa palepale na kujeruhiwa, ndiye aliyetuandikia habari hizi. Maji yalikuwa machache na miamba mingi, mashua zikashindwa kukaribia pwani. Watu 49 wakashuka, wakatembea majini. Bunduki zikalia kwa mbali karibu nusu saa, zisifae kitu. Kisha wakachoma nyumba, ndipo hasira ya wenyeji ikazidi. Na wenyeji walikuwa na silaha gani? Mishale, mikuki ya mianzi, vijiti vilivyochongwa na kukaushwa motoni hata ncha ikawa ngumu, mawe, hata matope. Waliona upesi ya kuwa mwili wa mgeni umefunikwa na chuma, bali miguu yake haikufunikwa, wakalenga miguu. Magellan alichomwa mkuki mkononi, akashindwa kuuchomoa upanga wake wote. Ndipo mtu mmoja akamkata mguu wa kushoto kwa upanga mkubwa, akaanguka kifudifudi, wakamwangukia wengi.

Sanamu ile haikupotea. Wahispania waliporudi mwaka 1565, askari mmoja aliikuta ndani ya nyumba moja ya Cebu, na hata leo watu huiheshimu katika basilika ya mji ule.

Mchezo wao wa kupigana una majina matatu: arnis, eskrima, kali. Mawili ya kwanza yametoka katika Kihispania, moja katika neno la mavazi ya vita, la pili katika neno la ufundi wa kupigana kwa upanga. Mwanafunzi huanza na fimbo ya henzirani, ule mti utambaao wa kusukia viti. Kupigana kwa mikono mitupu hufuata baadaye. Hafundishwi silaha moja moja, bali njia za pigo, mara nyingi 12, kila njia na namba yake: kutoka bega la kuume, kutoka la kushoto, kuchoma tumboni, na kadhalika. Akiisha kuzijua, ashike fimbo, kisu au panga, njia ni zilezile. Tena hupiga kwanza mkono ulioshika silaha. Wao husema ni kung'oa meno ya nyoka. Chama cha Doce Pares kilianzishwa Cebu mwaka 1932 kuufundisha mchezo huu, na mwaka 2009 sheria iliutangaza kuwa mchezo wa taifa.

Tarehe 30 Agosti 1896 Andres Bonifacio na wenzake wa Katipunan walishambulia ghala ya baruti huko San Juan del Monte, wengi wao wakiwa na mapanga na mikuki tu. Walishindwa, lakini vita vya kuwatoa Wahispania vilikuwa vimeanza. Kisha Waamerika wakaja.

Katika Balangiga, kisiwani Samar, askari wa Kiamerika waliwafungia wanaume wa mji katika mahema, wakachukua mapanga yao na mchele wao, kisha wakawalazimisha kusafisha mji. Na kufyeka majani kwahitaji panga! Asubuhi ya tarehe 28 Septemba 1901, askari walipokuwa wakila, kengele ya kanisa ikalia. Ilikuwa ishara. Wanaume wakawaangukia kwa mapanga, na askari 48 wakafa.

Kisasi kikawa kibaya kuliko shambulio. Jenerali Jacob Smith aliamuru auawe kila awezaye kushika silaha, kuanzia umri wa miaka kumi. Akashtakiwa mwaka 1902, na adhabu yake ikawa kustaafishwa tu. Wengi wa Samar hawakupata hata hukumu ndogo kama hiyo kwa ajili ya wafu wao.

Waamerika walichukua kengele tatu za kanisa kama nyara. Mbili zikawekwa katika kambi ya Wyoming, moja ikakaa na askari huko Korea. Maaskofu na waamini waliziomba miaka mingi. Tarehe 15 Desemba 2018 zikarudishwa parokiani Balangiga, na alfajiri iliyofuata zikaanza zile Misa tisa za kungojea Noeli.