Mdomo wa Kunguru

Katika Mtaa wa Rockey, Bellevue, Johannesburg, Kiswahili cha Wakongo husikika hadi kwa vinyozi. Kilomita chache tu kutoka hapo ndipo ulipo uwanja wa Ellis Park, ambako tarehe 24 Juni 1995 Afrika Kusini iliifunga New Zealand 15 kwa 12 na kutwaa Kombe la Dunia la raga.

Raga ni mchezo wa bega. Mchezaji humkumba mwenzake mkono ukiwa umenyooka, na kichwa cha mfupa kinachomoka kwenye kikombe chake. Kijana aliyeteguka mara moja huweza kuteguka tena hata akijigeuza kitandani.

Mwaka 1958 Arthur Helfet wa Cape Town alichapisha upasuaji aliojifunza kwa mwalimu wake wa London, Rowley Bristow: kukata ncha ya korakoidi, kifupa kilichopinda ambacho Wagiriki walikifananisha na mdomo wa kunguru, na kuihamishia mbele ya kikombe pamoja na misuli yake. Mfaransa Latarjet alikuwa ameeleza upasuaji wa aina hiyo mwaka 1954. Yeye alikaza kwa skrubu.

Wengine waliona inatosha kushona ukingo wa gegedu uliobanduka. Ndipo mwaka 2000 Joe de Beer, wa Cape Town pia, na Mmarekani Stephen Burkhart wakatoa hesabu ya mabega 194 yaliyoshonwa hivyo, karibu nusu yakiwa ya wanaraga. Mfupa ukiwa mzima, asilimia 4 yaliteguka tena. Ukiwa umelika sana, asilimia 67. Kunguru akarudi kwa heshima.

Lakini skrubu na MRI, picha zinazopigwa kwa sumaku, hazipatani. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu kama mara 30,000 ya ile ya dunia, na chuma cha pua huacha doa jeusi palepale daktari anapotaka kutazama; titani ina nafuu. Hata pasipo chuma, ukingo ulioshonwa hubaki mnene na wenye makovu, na asiyejua bega lilifanyiwa nini huuita mgonjwa.

Kwa mfupa, wengi hukimbilia CT. Hesabu zake ziliandikwa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg wa 1924, aliyezichapisha 1963 na 1964 na kupata Nobel 1979. Zilipotoka, karibu hakuna aliyezijali. Ombi la nakala lililomvutia zaidi lilitoka Uswisi, kwa watafiti wa maporomoko ya theluji.