Usimbaji Fiche: Fishi Gani Tena?

Msomaji wa Mudzipela, hapa Bunia, akikutana na maneno "usimbaji fiche" kwenye simu yake, ataanza kutafuta fishi. Kwetu fishi ni karatasi ya mgonjwa au ya mwanafunzi, neno tulilopewa na Kifaransa. Watunzi wa istilahi hawakuwa na habari hiyo; wao walilitoa "fiche" kwenye kuficha.

Nadhani walilihitaji kwa sababu "usimbaji" peke yake haukutosha. Msimbo ni alama inayosimama mahali pa kitu. Hapa Ituri tunaujua: kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo, ilipoanza kusikilizwa The Hague Januari 2009, mashahidi wengi walitajwa kwa namba, majina yakabaki mahakamani. Ukiipata orodha ya namba na majina, umempata mtu. Usimbaji fiche, kile Wafaransa wanachokiita "chiffrement", ni kazi nyingine: maneno yenyewe yanavurugwa kwa hesabu, na bila ufunguo hayarudi. Mimi nasema kufumba. Fumbo hudai mtu wa kulifumbua, na hapo ndipo shida ilipo.

PGP, programu ya kufumba aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991, hutaka mpokeaji naye awe na funguo zake. Mmojawapo, "ufunguo wa umma", kwa kweli ni kufuli: ananipa likiwa wazi, mimi nalibana, yeye ndiye anayelifungua. Asiye na kufuli nitambania nini?

Tuseme kijana aliye Kampala anamtumia shangazi yake Mudzipela hati za parsele, yaani kiwanja. Kama shangazi ana WhatsApp, kazi ni nyepesi, maana tangu 2016 inafumba yenyewe. Kama ana barua pepe tu, kijana aifumbe PDF ya hati hizo kwa nenosiri, kisha aitume kama kawaida. Kichwa cha barua hakifumbwi, basi asiandike "Hati za parsele". Nenosiri nalo lipite njia nyingine, kwa sauti au kinywani mwa ndugu anayerudi Bunia. Huu ni ufumbaji wa ufunguo mmoja: kinachofunga ndicho kinachofungua.

Jina la mtoto wa kwanza halifai kuwa nenosiri, ukoo mzima unalijua. Afadhali maneno marefu ambayo nyinyi wawili tu mliyasikia, labda aliyoyasema bibi siku ya mavuno. Mwambie mpokeaji mapema kama ni herufi ndogo na bila nafasi, la sivyo atakupigia usiku kucha kwamba fumbo limekataa kufumbuka.