Kususia Bila Kuumia ni Kelele Tu

Wasee, kususia kampuni hakukuanza na hashtegi.

Mwaka 1953, katikati ya Hali ya Hatari, Mau Mau waliwakataza Waafrika wa Nairobi kupanda basi, kuvuta sigara za Wazungu na kunywa bia ya chupa. Matatu bado hazikuwepo, kwa hivyo watu wa Eastlands wakapiga mguu mpaka job. Na tusidanganyane, si wote walisusia kwa hiari. Wengine waliogopa wenye bunduki. Lakini kila mtu alilipa kitu: miguu yake, starehe yake. Aprili 1954 serikali ikaleta Operesheni Anvil, maelfu wakazolewa mitaani na kufungwa.

Ruka hadi Novemba 2017. NASA wanatuambia tuachane na Safaricom, Brookside na Bidco, wakidai zinafaidika na serikali ya Jubilee. Hapa Kariobangi maziwa ilikuwa rahisi kubadilisha. Na laini je? Mama mboga analipwa kwa M-Pesa, fundi wa Light Industries pia. Ukihama peke yako, umejisusia mwenyewe.

Halafu tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila wakasalimiana Harambee House. Mimi na wewe hatukuulizwa.

Kwa hivyo ukiambiwa ususie tena, jiulize maswali mawili. Mimi natoa nini? Na nani ana uwezo wa kusema imeisha? Kama huyo wa pili si sisi wenye kuumia, basi tunatumiwa tu.